Mwanasesere Aliyeshonwa Ndani ya Kiondo

Habari za kifo chake nilizisikia kanisani Jumapili iliyopita, zimebanwa kati ya tangazo la harambee ya mabati na lile la mkutano wa akina mama. Muuguzi mstaafu, alisoma mzee wa kanisa, aliyehudumu kwetu Nunguni kabla ya kuhamishiwa Tulia, Kitui, amefariki na atazikwa huko huko siku ya Alhamisi. Kisha akageuza karatasi. Wengi waliokuwa pale hawakumjua, ingawa baadhi yao ndiye aliyewapokea walipozaliwa. Mimi nilimjua. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, lakini sikuwa naomba. Nilikuwa naona haya, na leo nataka kuwaeleza wasomaji wangu ni haya ya nini.

Katika miaka ya sabini, kabla Makueni haijawa wilaya, yeye ndiye aliyekuwa mkunga wa zahanati yetu: mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Tulimwita Sista, kama wauguzi wote. Siku za kliniki aliwaketisha wajawazito na mama wakwe zao kwenye nyasi, akatoa kiondo cha mkonge chenye mdomo mwembamba na mwanasesere wa matambara. Kiondo ndicho tumbo, mwanasesere ndiye mtoto. Kwanza alimweka kichwa chini, akamtoa bila taabu. Kisha alimweka makalio chini, akawaonyesha jinsi mwili unavyoweza kutoka na kichwa kikanasa nyuma. Mwisho alimlaza amekingama, akamvuta mkono. Kiondo kizima kilimfuata, mtoto hakutoka. Hapo wanawake walianza kunong'onezana, maana wengi waliamini kwamba mtoto hukingama kwa sababu mama ameruka kamba ya ng'ombe au ana siri nje ya ndoa, na mwanamke aliyeshindwa kujifungua alibanwa akiri huku anakata roho. Hilo lilimkasirisha Sista kupita kiasi. "Hakuna dhambi hapa," alisema. "Tumbo likizaa sana linalegea, mtoto anapata nafasi ya kulala ovyo. Saa zingine kondo la nyuma limekaa chini, ama ni mapacha, ama nyonga ni ndogo. Saa zingine hata sisi hatujui. Sasa mnamuuliza mama amelala na nani ya nini?" Halafu, ili waone kwamba daktari anaweza kumgeuza mtoto mapema kabla ya uchungu, alikibonyeza kiondo kwa nje pole pole mpaka mwanasesere akageuka. Wanawake walimpigia makofi. Kosa lilikuwa hapo, na siku hizo hakuna aliyeliona.

Dada yangu alikuwa na mimba ya sita. Mume wake alifanya kazi Mombasa, kwa hiyo mimi, mwalimu kijana wa shule ya msingi, ndiye niliyempeleka kliniki. Sista alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akaniita ndani. "Mwalimu, huyu mtoto amekingama. Dada yako asingoje uchungu nyumbani. Wiki hii hii mpeleke akae karibu na hospitali kubwa, pale kuna daktari wa kupasua. Umenielewa?" Nikamjibu ndiyo, Sista. Lakini ilikuwa wiki ya mvua ya kwanza, na kwetu Kilungu mvua ikinyesha hata mgonjwa hushika jembe. Mama mkwe wake alisema ataenda wakishapanda. Nilipaswa kukataa. Nilikubali, tena upesi, kwa sababu hata mimi nilikuwa na shamba langu.

Siku ya nne baada ya kliniki chupa ya maji ilimpasukia asubuhi akiwa anapanda maharagwe. Kufika adhuhuri mkono wa mtoto ulikuwa umetoka, mkono peke yake. Tulimtumia Sista habari, lakini zahanati ilikuwa ng'ambo ya kilima. Aliyekuwa karibu ni bibi mmoja mkunga wa kijiji, tuliyemwita susu, yaani nyanya, ambaye hakuwahi kukosa somo la kiondo. Aliweka viganja vyake juu ya tumbo akaanza kugeuza. Tulipokuwa tukifunga kitanda kwenye miti ili tumbebe kuteremka hadi barabara ya Mombasa, dada aliacha kupiga kelele ghafla. Sisi wajinga tulimshukuru Mungu kwamba amepata nafuu. Kumbe tumbo la uzazi, ambalo maji yakiisha humbana mtoto asigeuke, lilikuwa limepasuka. Alifia kwenye mteremko, mtoto angali ndani yake. Sista alipokuja matangani, susu alimkabili mbele ya watu wote, machozi yanamtiririka. "Sista, mimi nilifanya vile ulituonyesha na kyondo. Nilisukuma pole pole. Mbona wako aligeuka na wangu akakataa?" Sista aliketi chini, kwenye udongo, akavua kitambaa chake cha kichwa.

Juma hilo niliandika barua kwa wakubwa wa afya. Nilieleza kuhusu kiondo, mwanasesere na makofi, nikasema masomo ya muuguzi huyu yanaua. Kuhusu onyo alilonipa sikuandika hata neno moja. Haikupita muda akahamishwa, na kijijini nikapongezwa kwa ujasiri. Miaka kama kumi baadaye nilikwenda Tulia kwa shughuli za shule, nikapita kando ya zahanati, nikaisikia sauti yake. Alikuwa kwenye nyasi na wanawake wake na kiondo kile kile, mdomo umechakaa. Lakini safari hii mwanasesere alikuwa amekingama na kushonwa pande zote mbili kwa uzi mnene wa magunia. Kila mwanamke alipewa amgeuze. Hakuna aliyeweza. "Umeshindwa? Hata mimi nashindwa. Hata susu yako atashindwa. Huyu ni wa hospitali, na anaenda kabla uchungu uanze." Baadaye alinijia, akanipa mkono. "Mwalimu, barua yako nilisomewa. Ile maneno ya kyondo ilikuwa kweli." Nikangoja aseme lililobaki, lile la onyo alilonipa. Hakulisema. Aliniuliza tu watoto watano wa dada yangu wanaendeleaje.

Mficha uchi hazai, wazee walisema, nami nimeuficha wangu kwa miaka mingi huku nikiwafundisha watoto wa wenzangu kusema ukweli. Sista alikosea mara moja, kwa nia njema, na maisha yake yote yaliyobaki alilibeba kosa hilo mikononi mbele ya watu, ili mwanamke mwingine asife kwa ajili yake. Mimi kosa langu nilimtwika yeye. Ukiambiwa kwamba mtoto wa mkeo, binti yako au dada yako amekingama, usingoje mume arudi wala shamba limalizike. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri, na hata mistari ile aliyoipanda dada asubuhi ya mwisho iliota yote. Tulivuna maharagwe mengi, nami niliyala.