Nkirote Aondoka Kabla ya Amina

Basi liliniacha Columbia Heights asubuhi, mtaa nisioujua, na kabla sijasoma namba ya jengo nilisikia watu wakiimba pambio kwa Kiswahili ghorofa ya pili. Nikaufuata wimbo.

Nkirote, niliyekuja kuandika habari zake, alinifungulia akiwa na viatu vya kupandia milima, soli bado safi. Nyuma yake kikundi chake cha maombi kilijaa sebuleni.

"Niliwaambia nasafiri tu," alininong'oneza. "Sikujua watakuja wote."

Kwa miaka kumi na minne amehudumia wazee katika nyumba moja mjini Saint Louis Park. Bibi mmoja asiyeweza kugeuza shingo alimuuliza kila asubuhi, "Nani amekuja dirishani?" Nkirote akanunua kitabu cha kutambulia ndege waliotua pale, ili asimdanganye. Bibi alishafariki, kitabu kimechakaa. Leo, akiwa na miaka hamsini na mmoja, anakwenda kuwaona ndege bila kioo katikati: wiki nzima kwenye kisiwa cha Ziwa Superior, kaskazini kabisa, kisicho na barabara. Gari la wenzake wa safari lingepita saa mbili kamili, na lisingesubiri.

"Kulala hemani kwa ajili ya ndege!" dada yake Serah aliniambia, mikono ikinuka vitunguu. "Kwani hapa hakuna ndege? Ama amekuwa mzungu?"

"Dada, nitarudi Jumamosi."

"Mbwa mwitu wakikubali."

Saa mbili kasoro dakika tano, Mzee Wanjala, kiongozi wao, alisema tushikane mikono. Kwao hakuna anayesafiri bila kuombewa, wala anayeachia mkono kabla ya Amina. Mzee alianza na uumbaji. Alipofika kwa Nuhu, honi ililia chini. Nkirote hakusogea; kiganja chake kililowa jasho mkononi mwangu. Honi ikalia tena. Mzee akaingia jangwani na wana wa Israeli.

Nilifumbua macho. Serah naye alikuwa amefumbua, akimtazama mdogo wake, ambaye machozi yalimtoka chini ya kope zilizofumbwa. Akamvuta sikio kama mtoto.

"Nenda," akanong'ona. Akabeba begi mwenyewe, wakatoka wakinyata.

Kupitia dirishani nilimwona Serah akimfunga mdogo wake zipu ya koti mpaka kidevuni. Gari likaondoka.

Serah alirudi akihema, akanishika mkono.

"Na binti yako huyu, aliyesimama hapa mbele zako," Mzee aliendelea, macho yamefumbwa.

"Ndiyo, Bwana," Serah akaitikia kwa nguvu.