Karatasi Iliyosomwa Siku Askari Walipokabidhi Mji

Shule nilisoma madarasa manne tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Nilimdanganya mtu mmoja mara mbili, kwa jambo lilelile. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi. Mara ya pili nilikuwa bibi mzima, hapa ugenini, mtaa wa Yeoville, Biblia iko mkononi.

Wakati wa Wabelgiji, mji wetu kule Kongo uliwahi kutawaliwa na askari miezi kadhaa kwa sababu ya ghasia. Jua likitua, hakuna kutoka. Rafiki yangu, tuliyekaa naye ua mmoja, baba yake alichukuliwa asubuhi akienda kazini. Baadaye wakaambiwa amekufa. Kaburi hawakuonyeshwa. Kwetu mkeka wa matanga hauondolewi kabla kaburi halijajulikana, na wanaoukalia hawaendi kwenye sherehe.

Ndipo ikatangazwa kwamba askari watamkabidhi mji mtawala wa kiraia, na kwamba siku hiyo yatasomwa majina ya waliokufa mikononi mwao na mahali walipozikwa. Mimi nilikuwa kwenye kwaya ya shule ya masista, na kwaya ilipangwa mbele kabisa. Rafiki yangu akanishika mkono.

"Wewe utakuwa karibu. Sikiliza jina la baba. Usicheze-cheze."

"Nitasikiliza."

Sikusikiliza. Tarumbeta zililia, bendera ikashushwa, kisha ikapandishwa bendera ileile. Kanali akapiga saluti, akashuka jukwaani, akapanda bwana mpya mwenye kofia nyeupe ya manyoya. Karani akasoma karatasi bila kipaza sauti, kwa sauti ndogo, kiasi kwamba tungemsikia sisi wa mbele tu. Wakati uleule tulikuwa tukigawiwa vikombe vya bati vyenye picha ya mfalme. Cha mwenzangu kilikuwa na ukingo wa bluu, changu hakina. Nikawa nagombana naye. Nilipoinua kichwa, karani alikuwa anakunja karatasi.

Uani rafiki yangu alikuwa ananingoja mlangoni.

"Hawakumtaja," nikasema. Niliogopa kusema sikusikia.

Kesho yake mama yake akafunga mizigo, wakaenda kwa wazazi wake milimani. Mkeka wakaubeba.

Rafiki yangu nilimkuta tena mwaka 2017, kanisani huku Yeoville, baada ya ibada. Alikuwa amekuja kuishi na binti yake mtaa wa Turffontein, mji huuhuu. Akanitazama toka viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Si wewe wa kwaya? Umenenepa, mama! Kile kikombe bado unacho?"

"Kilitoboka zamani. Na wewe meno umeyaacha wapi?"

Tukacheka mpaka watu wakageuka. Kisha akapunguza sauti.

"Dada yangu, siku ile, kweli hawakumtaja baba?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Nikatazama watu waliosimama na chai zao, wanaonijua kama mama anayewakemea mabinti wao kwa uongo. Nikaona aibu.

"Hawakumtaja. Mambo ya zamani hayo, tumwachie Mungu."

Akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Alinishukuru!

Nilijiambia nitakwenda Turffontein nimweleze tukiwa wawili. Wiki hii magoti, wiki ile teksi zimegoma, wiki nyingine baridi. Eish, sababu sikukosa. Mwaka haukuisha, akafa.

Matangani nilikaa chini na wanawake wenzangu, na magoti yangu hayohayo. Watu walipopungua nikamwita binti yake, nikamwambia yote: majina yalisomwa, mimi nilikuwa mbele, nilikuwa nagombania kikombe, nikasema hawakumtaja.

Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Mama mkubwa," akasema, "wajomba walitaka kumjengea babu kaburi kule kwetu, hata la jina tu. Mama akakataa. Alisema kama hakutajwa siku ile, basi pengine hakufa. Hata alipokuja huku, aliacha namba yangu ya simu kwa mapadri, babu akirudi wampe."

Akanishika kwapa akaniinua, maana peke yangu nisingeweza, akarudi kwa wageni.