Siku Tulipowaita Wanawake Wote Saba

Diploma yangu niliipata nikiwa na miaka arobaini na miwili, watoto watano, na mapaja yasiyoingia vizuri kwenye benchi za shule. Mchana niliuza mandazi sokoni Kasongo, jioni nikakimbilia darasani na harufu ya mafuta kichwani, hata mwalimu wa hesabu akalalamika kwamba nikiingia tu yeye anashikwa na njaa. Siku ya matokeo nilipiga kigelegele ambacho ng'ambo ya Lualaba walidhani mtu ameoa. Naeleza haya mjue kwamba mimi ni mtu wa furaha, na kwamba mtu wa furaha naye anaweza kukosea vibaya sana, huku vyeti viwili viko ndani ya mkoba wake.

Cheti cha pili ndicho habari yenyewe. Diploma ilinipatia kazi ya ukarani katika gereza dogo upande wa Kabambare. Mji wake siutaji, msiniulize. Nilikuwa mwanamke pekee kati ya wafanyakazi. Basi ilipokuja barua ya kutafuta watu wa kufundishwa jinsi ya kuchunguza walinzi wanaolala na wafungwa, direkta, mkuu wa gereza letu, hakuzungusha macho.

"Mama Diploma," akasema, "unajua kuandika, tena wewe ni mwanamuke. Nenda."

Tulifundishwa siku tano katika ukumbi wa parokia, Kasongo. Wanaume kumi na mmoja, na mimi. Wengi walikuwa maopeje, yaani wale wapelelezi wanaoandika maneno ya washitakiwa na mashahidi. Mmoja alitoka Salamabila na moto, yaani pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Siku mbili nzima hatukujua rangi ya shati lake. Mwalimu wetu alikuwa wakili kutoka Kindu, mama mfupi asiyefika begani kwangu, mwenye sauti ndogo. Tulimwita Mama Avoka.

Siku ya kwanza opeje wa Salamabila alinyoosha mkono.

"Mama Avoka, na kama wanapendana? Mulinzi naye ni mutu, iko na roho."

Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka, sitaficha. Mama Avoka akatoa funguo za nyumba yake mkobani, akaziweka mezani mbele ya opeje.

"Huyo mulinzi ampe kwanza funguo. Mulango uwe wazi, mwanamuke awe na funguo mukononi. Hapo amuulize tena kama anamupenda."

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa na mabetri.

Siku ya pili tukafika kwa mbuzi. Huku kwetu kila neno linamalizwa nyumbani: wazee wanaitwa, mbuzi analetwa, watu wanakula, wanapeana mikono, neno limekwisha. Papa mmoja mwenye mvi, mpelelezi wa tangu zamani, akasimama na kupendekeza hivyo hivyo, tena kwa heshima zote. Familia ya mwanamke ipewe mbuzi wawili, mlinzi aombe msamaha, amani irudi.

"Papa, hao mbuzi wataliwa dimanshi, baada ya misa," Mama Avoka akamjibu. "Lundi asubuhi, nani anashika funguo?"

Papa akakaa chini polepole, akawa anakuna kidevu mpaka saa ya chai.

Siku ya tatu ilikuwa ya mazoezi. Mimi niliwekwa kuwa mfungwa, opeje wa Salamabila anihoji. Swali lake la kwanza: "Ulikuwa umevaa nini?" Nikalia. Nililia hivi kwamba akina mama waliokuwa wakifagia kanisa waliingia na fagio zao kutafuta nani amenipiga, wakamfukuza opeje kuzunguka ukumbi mara saba. Nasema saba, labda ilikuwa moja. Lakini tangu siku ile hakuuliza tena habari ya nguo.

Na kila siku, kabla hatujatoka, Mama Avoka alirudia neno moja: "Mutu atasema kweli kama yule anayemuogopa hajui nani amesema." Nililiandika, nikalipigia mistari miwili chini. Nikarudi kazini na cheti changu, nimejaa kama puto.

Gerezani kwetu anayekula vizuri ni yule ambaye ndugu zake wanamletea chakula. Kulikuwa na mwanamke mmoja kutoka Wamaza, aliyefungwa kwa ugomvi wa shamba. Mvua ikinyesha, kutoka kwao mpaka kwetu ni siku mbili za moto na miguu, kwa hiyo hakuna aliyekuja. Mlinzi mmoja akaanza kumletea bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Wafungwa wenzake wote sahani zao zilikusanywa pamoja mlangoni. Ya mwanamke huyu, mlinzi alitaka airudishe mwenyewe, peke yake, kwenye chumba cha zamu. Nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu kabla ya Kasongo, nikalipita. Baada ya Kasongo sikuweza tena kulipita.

Alhamisi, juma la tatu tangu nirudi, mwanamke yule alinijia akijifanya anaomba sabuni.

"Mama, lundi zamu ya yule inarudi," akasema chinichini, maana yake Jumatatu. "Unipeleke mahali pengine. Hata kule kwa wanaume, ni sawa."

Hakusema zaidi. Kwangu ilitosha. Nilienda kwa direkta, naye akampigia simu opeje wa Salamabila, kwa sababu hakuwa rafiki wa mtu yeyote pale. Ijumaa asubuhi akafika, matope yake yote yapo. Tulikuwa na siku tatu.

Sasa sikieni kosa langu. Gerezani ukimtaka mfungwa, unamwambia kapita, yule mfungwa anayesimamia wenzake, naye anaita. Kapita wetu alikuwa na koo! Akiita jina, kuku wa mtaa wa pili wanaacha kudonoa, na ninaamini Salamabila kuna watu waliowahi kuitika. Miaka minne nilimtuma hivyo kila siku ya Mungu. Basi nikatoa kichwa dirishani kama kawaida.

"Kapita, uniitie yule wa Wamaza."

"Mama wa Wamazaaa! Kwa biro ya Mama Diploma! Opeje anakutaka!"

Mlinzi yule hakuwa na zamu, lakini alikuwa amekaa langoni akicheza dama kwa vifuniko vya chupa. Akainua kichwa. Kifuniko kikabaki mkononi mwake, hakukiweka popote.

Mwanamke aliingia ofisini, akakaa. Opeje akamuuliza vizuri, kwa upole, kama tulivyofundishwa. Yeye aliangalia dirisha lililokuwa nyuma yangu.

"Siko na neno. Ninakula. Ninalala."

Nikageuka. Nje ya dirisha mlinzi alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa.

Mwanamke alipotoka, opeje aliweka kalamu chini. "Mama Diploma, tumefanya nini?"

"Wewe hukufanya kitu," nikamwambia. "Ni mimi na mudomo wa kapita."

Siku ile sahani ya sombe haikuja. Wanawake wenzake wakamgawia, kila mmoja tonge moja. Nilipanda kile kilima ambako simu inapata mtandao, nikipumua kama ng'ombe mwenye mimba, nikampigia Mama Avoka, nikamweleza yote bila kujipunguzia.

Hakunikaripia. Aliuliza tu: "Muliita wangapi?"

"Mumoja."

"Wanawake wako wangapi mule ndani?"

"Saba."

"Basi kesho ita saba. Kiti kimoja, maswali yale yale, dakika sawasawa. Asiye na neno naye akae mpaka dakika ziishe. Na lile dirisha ulifunge, mama yangu!"

Jumamosi tulianza mapema. Nilitundika kitenge changu dirishani, kile cha sikukuu chenye samaki wekundu. Tulifuata mikeka yao jinsi ilivyopangwa chumbani, kuanzia mlangoni. Mwanamke wa Wamaza alikuwa wa tano. Kila mmoja dakika ishirini, simu ya opeje mezani ikihesabu. Kapita akaita jina la kwanza, la pili, la tatu, kwa koo lake lote, na mara hii nilimwombea koo lizidi.

Wa kwanza, bibi mzee, alijibu maswali yote kwa dakika nne, akauliza kama amemaliza. Tukamwambia bado. Akalala kwenye kiti, akakoroma dakika kumi na sita kamili. Wa pili, aliyekuwa mfanyabiashara kule machimboni, alimfundisha opeje jinsi ya kutambua dhahabu ya uongo, na opeje alitaka kuandika, nikamkanyaga mguu. Wa tatu sikumdhania kabisa. Alikuwa mtu wa kuimba asubuhi na kutania kila mtu. Alikaa, akatazama kitenge, akauliza, "Huyu bibi mzee naye alimaliza dakika zote?" Nikasema ndiyo. Akaanza kusema, na simu ilipolia hakuwa amemaliza. Tulimaliza naye baadaye, kwenye duru ya pili, ambapo pia tuliwaita wote saba.

Wa tano akaingia. Alikaa, opeje naye hakumharakisha. Yule mtu wa "ulivaa nini" alikaa amefunga mikono kama mtoto wa komunyo.

"Wale wengine walikaa hivi?" mwanamke akauliza.

"Wote," nikasema. "Sawasawa. Na wawili bado wanakuja."

Akashusha pumzi. Aliyoyasema yako ndani ya dosiye, lile faili la opeje, na huko yabaki.

Mchana nilimsikia mlinzi langoni akimvuta kapita kwa shati.

"Nani amesema?"

"Chef, mimi nitajua wapi? Wote wamekaa sawa. Hata ule bibi wa meno mbili amekaa. Kama ni kusema, basi wamesema wote saba."

Mlinzi alimwachia shati. Ile bodi ya dama ilibaki langoni mpaka jioni, hakuna aliyeigusa.

Jumapili baada ya misa direkta alisoma kurasa zetu akiwa amesimama. Alipofika mwisho alikaa. Papo hapo akamwita mlinzi, akampokonya funguo, akamkataza kukanyaga gerezani, na dosiye ikapanda moto na opeje kwenda kwa mwendesha mashitaka. Kulikuwa na shangazi mmoja wa mlinzi aliyetokea na habari za mbuzi. Nilimpa maji ya kunywa, nikamsindikiza hadi barabarani.

Tangu hapo sahani zote zinarudi mezani kwangu, na akina mama wa kanisa na wa msikiti wamegawana siku za kuwapikia wasio na ndugu karibu. Ila ninachokumbuka zaidi ni ile Jumatatu. Direkta alinipa mimi funguo za chumba cha wanawake. Zilikuwa nzito, nasema kilo tano, na hapa sipunguzi hata gramu. Nilifungua mlango asubuhi. Sita walikuwa wameamka, wanasuka nywele. Yule wa Wamaza alikuwa amelala, mkono umelegea, mdomo wazi, jua limemfika magotini na hasikii kitu.

Kapita akasogea na karatasi yake ya majina, akavuta pumzi ya kujaza kifua.

Nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Leo usiite mutu," nikamwambia. "Uhesabu kwa macho."

Akahesabu kwa kidole, midomo ikichezacheza bila sauti, mpaka saba. Nikavuta kiti changu, nikakaa pale mlangoni, funguo mapajani.