Jina Langu Mara Mbili

Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa wetu hapa Wote kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Hakuna aliyewahi kunisifia hekima wala subira. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na hata leo nikiona mstari uliopinda mkono wangu hutafuta rula. Kwa hiyo kaunti iliposema itatutengenezea barabara ya mtaa, na kwamba wakaaji wenyewe ndio watakaochagua miti ya kupandwa kando yake, faili liliishia nyumbani kwangu.

Fomu yenyewe ilikuwa rahisi. Jina la mkaaji, mti anaoutaka, mahali anapotaka upandwe. Nilipita nayo lango kwa lango kwa wiki nzima. Watu wetu ukiwauliza habari ya barabara wanakujibu kwa neno moja, lakini ukiwauliza habari ya mti wanakuvutia kiti. Huyu alitaka jakaranda kwa kuwa aliziona za Nairobi zikichanua. Yule alitaka mwembe, halafu akauliza maembe yatakuwa ya nani. Mimi niliandika mwarobaini, mbele ya kanisa, maana hapo ndipo ninapochomwa na jua nikiwangoja waliookoka kuliko mimi wamalize kusalimiana.

Mama alitaka kitu kimoja tu. Alikuwa ameketi karibu na lango letu, kikombe cha uji mkononi, akaonyesha nje kwa kidevu. "Hapo," aliniambia kwa Kikamba, "mti usikose." Nikamweleza kwamba kwenye ramani ya kaunti hapo pana alama ya mulika mwizi, ile taa ndefu ya kuangaza mtaa mzima, na kwamba shimo lake litachimbwa kwa mashine, liende chini sana. Alipatazama hapo mahali mpaka uji ukaganda juu. Nilielewa kwamba mama akipakosa hapo hatapona. Kwa nini, sikujua, na kwa ukaidi wangu sikuuliza.

Kuna jambo la zamani ambalo lilinifanya nisiulize. Nilipokuwa mdogo mama aliniita mara nyingi saa za mchana, jua likiwa utosini na kuku wamejificha chini ya ghala. Nilikimbia. Nilimkuta amesimama langoni ananipa mgongo, na niliposema, "Naam, mama," aligeuka akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. "Si wewe," alisema. Kisha akageukia nje tena. Jina ni langu, na katika boma lile hapakuwa na mtoto mwingine. Nilimuuliza baba mara moja, akaniambia niende nikafunge mbuzi. Nilikua nikilichukia jina langu likiitwa mchana.

Mkutano wa kuhakikisha orodha ulifanyika kanisani Jumamosi asubuhi. Afisa wa kaunti, binti mdogo mwenye buti zenye vumbi, alisoma majina kwa sauti na kila mmoja akaitika. Aliposoma langu nikasema, "Niko." Alikaribia mwisho wa orodha, akasita.

"Mwalimu, hapa uko tena. Hii ni duplicate ama?"

"Siwezi kuwa mara mbili."

"Jina ni lako. Mti, mukau. Mahali…" Akaleta karatasi karibu na macho. "Imeandikwa tu, 'Pale nilipo.'"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wetu, ambaye ni shemasi na anapenda utani kuliko sadaka, akasema serikali ina wafanyakazi hewa, lakini mwalimu ndiye wa kwanza kuleta mkaaji hewa. Sauti nyingine ikasema kutoka nyuma kwamba mwalimu hataki mulika mwizi langoni kwake, ndiyo maana anajipigia kura mbili. Nikatabasamu kwa meno tu, nikaichukua ile karatasi.

Mwandiko ulikuwa wangu. Haukuwa wa leo. Ulikuwa ule wa darasa la nne, wakati herufi ya kwanza ya jina langu ilikuwa na mkia unaoteremka chini ya mstari na kujikunja, kabla mwalimu mmoja hajaunyoosha kwa fimbo kwenye vifundo vya vidole vyangu. Mkia ule sikuwa nimeuandika kwa karibu miaka hamsini. Niliomba radhi, nikasema ni kosa la kunakili, nikalikata jina kwa rula.

Nyumbani niliandika orodha upya, safi, jina langu mara moja. Nikafunga faili, nikaliweka mezani chini ya Biblia. Kesho yake nikaenda Kitui kuangalia miche, kwa sababu huko wanajua miti ya ukame, nikalala kwa rafiki.

Kwenye kitalu nilimkuta mzee anapasua kokwa za mukau kwa kisu, moja moja, na kutoa mbegu ndogo nyeusi ndani yake. Nikamuuliza kwa nini asizipande tu kama zilivyo. "Mukau ni mgumu kuzaliwa," akasema. "Ukiuacha na ganda lake, mwingi unafia ndani, na wewe unangoja bure." Aliitia mbegu moja kovu dogo kwa ncha ya kisu, akaiweka kwenye maji. Sikupenda jinsi maneno yale yalivyonikaa kichwani njia nzima.

Niliporudi Wote, mama mboga anayeuza mkabala na lango letu hakuniitikia salamu.

"Tumekosana, mwalimu?" aliuliza alipoona sitoki. "Jana saa saba nimekuona umesimama hapo nje kwenu. Nimekusalimia, umeninyamazia tu."

"Jana saa saba nilikuwa Kitui."

Aliacha kukata sukuma wiki. Alinitazama kuanzia viatuni. "Kwani uko na ndugu?"

"Sina. Nilizaliwa peke yangu."

"Haya," akasema, akarudi kwenye kisu chake, lakini hakunitazama tena, na chenji ya mboga nilizonunua aliniwekea juu ya meza badala ya mkononi.

Niliingia ndani nikaondoa Biblia, nikafungua faili. Chini kabisa ya orodha yangu safi, baada ya jina la mwisho, palikuwa na jina langu. Mkia umejikunja. Mukau. Pale nilipo.

Niseme ukweli: niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika. Nilitoka na lile faili mpaka kwa mama, aliyekuwa anachambua ndengu kwenye uteo.

"Mama, nani anashika faili langu?"

"Mimi," akasema, bila kuinua macho.

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu yote isipokuwa hilo. Kisha nikakumbuka kitu kilichopaswa kunijia kanisani. Mama alijifunza kuandika gumbaru, shule ya watu wazima, mwaka nilipokuwa darasa la nne. Jioni alinakili kutoka kwenye daftari langu, herufi kwa herufi, mkia kwa mkia. Mimi nilipigwa nikauacha mwandiko ule. Yeye hakuna aliyempiga.

"Kwa nini unaandika jina langu mara mbili?"

"Lako uliliandika mwenyewe," akasema. "Mimi niliandika lake."

Akatoa jiwe kwenye ndengu, akalitupa. Halafu akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuambia mtu chumvi iko wapi. Kabla yangu alimzaa mwingine, mvulana. Siku ya tatu akapewa jina la babu, kama desturi. Siku ya tano akafa. "Angekufa siku ya pili," mama alisema, "angekuwa bado wa aimu, wale wa kale walio chini, na asingekuwa mtu wa kutajwa. Lakini jina alikuwa ameshapata. Alikuwa mtu." Wakamzika chini ya mukau, pale nje, na wakati huo hapakuwa nje, palikuwa shamba letu. Nilipozaliwa mimi, jina la babu lilikuwa bado linataka mtu wa kulibeba, nikapewa. Baadaye baba akatoa kipande cha shamba njia ipite. Mukau ukakatwa.

"Mti ulienda wapi?"

Alinyoosha kidevu kuelekea nyumba. Mlango wetu wa mbele, ule ambao mchwa hawajawahi kuugusa, ule ninaoufunga kila jioni kwa mkono wangu, ni mukau. Nilijua hivyo tangu utotoni. Sikuwahi kuuliza ulimea wapi.

"Mbona hukuniambia?"

"Baba yako alisema, mtoto akijua anabeba jina la mtu mwingine, atalibeba vibaya." Akapepeta uteo. "Na mimi nilikuwa namwita tu. Sikujua wewe unaumia."

Niliumia. Sikumwambia, lakini nilisimama pale, mtu mwenye wajukuu, nimeumia kama mtoto wa darasa la nne. Halafu nikafikiria ile mashine ya kuchimba, ambayo ilikuwa ifike wiki ile, na meno yake.

Mkutano wa mwisho ulikuwa kanisani pale pale. Nilikuwa nimemwambia mama mambo ya orodha aniachie mimi, na orodha niliipeleka bila kufuta kitu. Afisa alisoma, akafika mwisho, akasimamisha kalamu.

"Mwalimu. Tena?"

Mwenyekiti akajiandaa kwa utani, nikauona mdomoni mwake. Nikasimama.

"Si mara mbili," nikasema. "Ni watu wawili. Mmoja yuko chini hapo mnapotaka kuweka taa. Ni kaka yangu, na nimemjua juzi."

Nilitarajia kicheko, au maombi. Kwetu mtu akitaja wafu kanisani, kuna mtu huanza kukemea. Mwenyekiti alifunga mdomo. Kule nyuma, yule aliyesema najipigia kura mbili alivua kofia, na juu yetu mabati yakalia kwa joto. Kisha mama mboga akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayejijibu, "Basi ndiye niliyemsalimia."

Hakuna aliyemuuliza alikuwa na maana gani. Mimi pia sikumuuliza, na sijamuuliza hadi leo.

Afisa aliitazama ramani yake muda mrefu. "Hiyo taa tunaweza kuishift," alisema. "Iende upande ule wa duka. Haina shida." Halafu akaweka alama ya vema mbele ya jina la pili, kama alivyoweka mbele ya mengine.

Tulipanda baada ya mvua ya kwanza. Mche ulikuwa wa kutoka Kitui, mrefu kama mkono wangu. Nilichimba mwenyewe kwa jembe, shimo fupi, nikitoa udongo kwa vidole kila nilipohisi kitu kigumu, na kila mara lilikuwa jiwe. Mama nilimletea kiti chake. Alimwaga maji kwa kikombe cha bati, akashika lango kwa mkono mmoja, akaita jina.

Ilikuwa mchana. Kuku walikuwa kivulini. Ulimi wangu ukainuka wenyewe, mazoea ya maisha yote, nikauuma. Nilinyamaza ili mwenye kuitwa apate nafasi. Upepo haukuwapo, na barabara ilikuwa tupu. Ng'ambo, mama mboga akainua mkono akatusalimia upande wetu, akaushusha, kisha akauinua tena akasalimia hatua mbili kulia kwangu.

Mama aliinamisha kichwa polepole, kama mtu aliyeitikiwa. Akaita jina tena. Nikaendelea kunyamaza, macho kwenye udongo.

"Wewe," mama akasema, na alikuwa amegeuka, ananitazama mimi. "Huyo nimemaliza naye. Sasa nakuita wewe."

"Naam, mama," nikasema, nikaenda.