Plagi Iliyoanguka Sakafuni

Juzi nilikwenda gereji kwa Fundi Petro, pale Kilindoni, kubadilisha plagi za gari langu. Ile harufu ya petroli iliyochanganyika na oili mikononi mwake ikanirudisha kijijini Kanga, kwenye baraza yetu, nikiwa na miaka tisa. Ngojeni niwasimulie, maana sasa naweza kuicheka siku ile.

Baba alikuwa amenunua gari lenye tabo, kile kifaa cha kuipulizia injini hewa, kutoka kwa ofisa mmoja aliyehamishwa. Kijiji kizima kililijua kwa mluzi wake. Plagi zilipochoka, Baba akanunua dukani plagi za gari la kawaida, kwa kuwa ziliingia kwenye matundu yake bila ubishi. Wiki mbili hazikuisha, gari likaanza kukohoa kila alipokanyaga mafuta. Fundi Petro, ambaye wakati huo alikuwa kijana mgeni kisiwani, katoka bara, akaja kuzichomoa. Ncha zake zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa.

“Mzee Hamisi, injini hii ina moto mkali,” alisema. “Inataka plagi baridi.”

“Nizitie kwenye friji?” Baba akauliza, na wala hakuwa anatania.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza kwamba plagi baridi ni ile inayotoa joto lake upesi, na kwamba mwanya wake wa cheche uwe mdogo, kwa sababu tabo husukuma hewa kwa nguvu na cheche ndefu huzimika, kama kiberiti kwenye upepo. Akaandika namba kwenye karatasi. Plagi nne zikaagizwa Dar es Salaam, zikaja na abiria wa boti.

Zilifika Jumatano mchana. Alhamisi asubuhi Bibi, mama yake Baba, alitakiwa awe uwanja wa ndege, aende Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nafasi hiyo aliingoja mwaka mzima. Alikuwa akinitambua kwa sauti tu, na bodaboda aliapa hapandi, labda wambebe maiti. Kwa hiyo macho ya Bibi yalitegemea viboksi vile vinne vilivyokaa juu ya kigoda barazani, nami niliambiwa nisiviguse.

Nikavigusa. Plagi moja ikaniponyoka, ikaanguka kwenye saruji, na kile kindoano chake cha mbele kikalalia ncha ya katikati. Hata mimi nilielewa kwamba mwanya umeziba. Nikaifuta kwa upindo wa gauni, nikairudisha kwenye kiboksi chake, nikaenda kujificha chumbani kwa Bibi.

Laasiri Fundi akafika.

“Mpya hizo, Fundi, wewe funga tu,” Baba alimwambia.

“Mpya ndiyo ya kupima, Mzee.”

Nikachungulia dirishani. Fundi alitoa kibati chembamba cha kupimia mwanya, akafungua kiboksi cha kwanza, akaitazama plagi, akairudisha ndani. Akachukua nyingine, akapima. Alipima polepole, akarudia, akarudia tena. Nilitamani ardhi inimeze.

“Mke mwenzangu,” Bibi akaita kutoka kitandani, “mbona unahema hivyo?”

Nikamwambia yote huku nalia. Akanivuta nikae kitandani.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” alisema. “Mimi sioni, Mungu ndiye kanipangia. Wewe unaona, unafumba macho ya nini? Nenda kamwambie.”

Nilitoka. Baraza ile ndogo siku hiyo ilikuwa ndefu.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba, mama.”

“Plagi moja niliiangusha.”

Baba akainuka, nikajua leo nimekwisha. Fundi akainua mkono kumzuia. Akaitoa ile plagi, akaikagua isije ikawa na ufa, akakivuta kindoano taratibu, kisha akanipa kibati nijaribu mwenyewe. Kikapita kwa kukwaruza kidogo, kama inavyotakiwa. Gari likawaka mara moja, likanguruma bila kikohozi hata kimoja. Nikakimbia ndani kumwambia Bibi.

Bibi alirudi baada ya wiki mbili. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema, “Kumbe pua ya babu yako umeichukua yote! Pole, mke mwenzangu.” Sijawahi kufurahia kutukanwa kama siku ile.

Miaka yote niliamini kwamba niliwahi, kwamba ningechelewa dakika moja Fundi angeigundua mwenyewe. Juzi nilimwambia hivyo. Akavua miwani, akacheka.

“Ile iliyoanguka ndiyo niliyoishika ya kwanza. Nikatazama dirishani, nikaona mtoto ana macho mekundu.”

“Sasa mbona hukuinyoosha yakaisha?”

“Ningeinyoosha, ungelala vipi?”

Zile plagi tatu hazikuwa na kasoro yoyote. Alizipima na kuzipima tena, jua likishuka na Baba akinung'unika, ananisubiri nitoke.