Mlango wa Chumba cha Mama

Fundi cherehani aliuchora mlango ukutani kwa chaki yake ya kukatia nguo, akaupima kwa utepe uleule aliopimia viuno vya watu. Upana sentimita tisini, urefu mita mbili na ushee. Kiti cha magurudumu cha mama yake kilikuwa na upana wa sentimita sitini na nne, na fundi hakupenda kitu kinachobana.

Ukuta huo ulitenganisha chumba chake cha kushonea na chumba cha nyuma alikolala mama. Mlango pekee wa mama ulitazama uani. Akiita, ilibidi mtu atokee jikoni, azunguke pipa la maji, ainame chini ya kamba za kuanikia nguo, ndipo amfikie. Tangu avunjike nyonga hakuweza kusimama bila kushikwa. Wiki mbili zilizopita alijaribu, akaanguka, akakaa sakafuni asubuhi nzima. Mwanawe alikuwa upande wa pili wa ukuta, hatua tano tu, cherehani inanguruma, hakusikia kitu.

Tangu siku hiyo alikuwa akikanyaga pedali kidogo, anasimama, anatega sikio. Gauni lililokuwa la siku moja likawa la siku tatu.

"Tumwite mwashi atoboe mlango," alisema mkewe.

"Mwashi wa nini? Bomba la jikoni nani alilitengeneza? Dari ya sebuleni nani aliipiga rangi?"

"Na swichi ya sebuleni inayowasha taa ya chooni, hiyo nayo ni ya nani?"

Majirani walimwita Injinia, na si wote waliotamka jina hilo kwa heshima. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na kitasa wala bawaba ambayo haikupita mikononi mwake. Vingi vilifanya kazi. Vichache vilihitaji kubembelezwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi akashika nyundo na tindo.

Kosa alilofanya lilitoka katika ufundi wake mwenyewe. Alipokuwa mwanagenzi alifundishwa kutengeneza tundu la kifungo kwa mkono: unakata kwanza, kisha unazungushia uzi kwenye kingo ili zisichanike. Kwa miaka thelathini na moja alikata hivyo, na hakuna shati lililomwangukia. Mlango nao akaupanga vivyo hivyo. Atoboe kwanza, kisha aweke fremu na ubao mnene wa kubeba matofali ya juu. Mwashi angefanya kinyume. Angeweka kwanza kitu cha kubeba, ndipo aondoe tofali la kwanza.

Mama alikataa kuhamishwa. "Nihamie wapi? Nataka nikuone ukitokeza."

"Vumbi, Mama."

"Vumbi nimelila kabla hujazaliwa. Wewe gonga."

Akagonga. Alianzia katikati, akashuka, kisha akapanda. Saa tano mama aliuona mkono wa mwanawe ukipenya, mweupe kwa vumbi, akaushangilia kama mtu aliyepokea mgeni kutoka mbali. Saa sita kasoro tundu lilikuwa limefika mstari wa juu wa chaki, na fundi akarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa limenyooka vizuri. Alikuwa bado anajisifu moyoni aliposikia mlio mdogo, mkavu, kama wa kitambaa kinachochanika kwenye mshono.

Ufa ulikuwa unapanda. Ulitoka kwenye pembe ya tundu, ukafuata viungo vya matofali ngazi kwa ngazi, ukaishia pale ambapo boriti ya paa iliulalia ukuta. Hapo ndipo alipoitazama boriti ile kwa mara ya kwanza. Ilitoka chumba chake, ikakanyaga juu ya tundu barabara, ikaendelea hadi ukuta wa mbali. Chini yake alikuwa amelala mama.

Tofali moja la juu likateremka upana wa kidole.

Fundi hakufikiri. Aliingia ndani ya tundu, akatia bega chini ya matofali, akakaza magoti. Mchanga ukaanza kumwagika kwenye kola yake taratibu, bila kukoma.

"Umefika?" mama aliuliza.

"Nimefika, Mama. Usijitikise."

"Mbona unatetemeka?"

Alimwita mkewe kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Mwanamke akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, akaona, akashika kichwa.

"Usipite hapa! Zunguka uani. Mvute Mama na kitanda chake, umpeleke nje."

Akazunguka. Fundi alihesabu nyayo zake: pipa, kamba, mlango. Mkewe aliyashika machaga ya kitanda, akavuta. Kitanda hakikusogea. Akavuta tena, akaguna.

"Baba, kimegoma!"

Ndipo fundi alipokumbuka. Baada ya mama kuanguka alikuwa amekifunga kitanda kwenye sakafu kwa boliti nne, ili kisiteleze. Alizikaza mpaka mkono ukamuuma, akajipongeza.

"Ni boliti," alisema. "Nilikifunga mimi."

Mkewe alimtazama kwa muda mfupi sana. Halafu akakunja shuka kutoka pembe mbili za upande wa kichwani, akazizungusha viganjani.

"Mama, nisamehe. Itauma."

"Wewe vuta, mwanangu. Huyu wa kwangu keshaniua."

Akavuta. Mama alipofika sakafuni alipiga ukelele uliomkata fundi miguu. Goti moja lilimlegea, na tofali lililokuwa karibu na sikio lake likadondoka, likapasukia kwenye mto ambao kichwa cha mama kilikuwa kimeuacha muda huohuo. Juu yake boriti ikalia. Hakuthubutu kuinua macho. Alisikiliza shuka likiburuzwa kwenye saruji, likakwama kizingitini, likavuka. Kisha akasikia mkewe akipiga kelele mtaani, akimwita mwashi mstaafu wa nyumba ya tatu.

Mwashi alikuja na magogo mawili ya kuegemeza na jirani mmoja wa kuyashika. Hakusalimia.

"Injinia, nani alikwambia utoe kabla hujaegemeza?"



Waliisimamisha nguzo ya kwanza upande wa mama, ya pili upande wa kushonea, wakazigongea kabari mpaka boriti ikatulia. "Sasa toka," mwashi alisema. Fundi hakutoka. "Toka, bwana, imeshikwa!" Ilibidi wamshike mkanda wa suruali, wamvute kama gunia. Matofali matatu yakaanguka pale alipokuwa amesimama. Ukuta uliobaki haukutikisika.

Mwashi aliyasukuma matofali yale kwa kiatu. "Hayo ndiyo uliyokuwa umebeba," alisema. "Matatu. Boriti hukuibeba wewe. Ilikuwa inaning'inia kwenye misumari miwili."

Fundi akaenda uani, akatapika kando ya pipa.

Mwashi alimaliza kazi Alhamisi iliyofuata: mhimili wa zege wenye nondo juu, fremu chini, plasta pande zote. Kwa siku hizo mama alilala sebuleni, na fundi hakushona hata pindo. Aliingia chumba cha nyuma mara moja tu, kufungua boliti.

Ijumaa wakamleta mama kwa kiti chake mpaka mbele ya mlango mpya. Kilipita bila kugusa. Alipokiona kitanda akainua mkono, wakasimama.

"Lala wewe kwanza," akamwambia mwanawe.

"Mama, mwashi kapima mara mbili."

"Mwashi simjui. Lala."

Akalala chali, viatu miguuni, macho kwenye boriti. Mama alimwacha hapo muda mrefu. Mkewe alianza kucheka, akaacha. Moyo wa fundi ulimpiga kifuani waziwazi, shati likiruka, na mikono yake ilikuwa imeshika kingo za godoro.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana, Mama."

Mama alimtazama, kisha akaitazama boriti.

"Haya, ondoka," alisema. "Nipandisheni."