Mguu Hauchagui Gurudumu

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alimimina chai akaisahau. Alisimama mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama tena. Mkononi alikuwa na spana, na humo ndani hakukuwa na kitu cha kufungua.

"Kunywa chai, mama," nikamwambia.

"Ilikuwa diski moja, mzee wangu."

"Diski gani?"

"Ya gari la yule dereva. Waliniletea moja tu. Mimi nikahukumu mtu kwa diski moja."

Kesho yake ugonjwa ulimwangusha, hakuinuka tena. Ndiyo maana siku ile naikumbuka yote.

Alikuwa fundi wa breki. Breki tu. Injini, alisema, ni za watu wanaopenda kelele. Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyempa vyuma asugue akitumaini atachoka aolewe. Aliolewa, na hakuchoka. Mteja mgeni akiingia gereji akauliza, "Fundi yuko wapi?" sauti ilimjibu kutoka chini ya gari, "Yuko huku, leo kavaa gauni." Watu wakamwita Mama Breki. Akisema pedi zimekwisha, hakuna aliyebisha. Mimi nilikuwa mwashi. Nikisema ukuta umepinda, walibisha mpaka uanguke.

Sasa, siku mbili kabla ya asubuhi ile alikuja tajiri mmoja mwenye magari ya kukodisha, na madereva wake nyuma. Alikuwa na gari la juu, zito, la matairi mapana, linalokula diski za breki za mbele kama njugu. Fundi wa yadi yake akifunga mpya, hazikai. Tajiri akatoa kwenye gunia diski moja, iliyovuliwa safari iliyopita. Mke wangu alikuwa na kazi nyingine mkononi. Aliitazama: imeliwa imekuwa nyembamba, ina mabaka ya bluu ya kuungua. Akasema, "Huyu dereva analala kwenye breki, mguu haubanduki."

Madereva waliangua kicheko. "Mguu wa Tembo!" wakambandika mwenzao jina palepale. Yeye, mtu mzima mwenye watoto, alisema tu, "Mama, mimi mteremko nashuka kwa gia." Tajiri akanyoosha mkono, akamnyang'anya funguo. Kazi ikaishia hapo.

Na neno lile ndilo lililomkosesha mke wangu chai.

"Mguu hauchagui gurudumu," alisema, huku anavaa viatu. "Ukikanyaga, breki inabana kushoto na kulia. Kama kweli ni mguu wake, diski zote mbili zimekufa. Ya pili sikuiona."

"Si umngoje tajiri aje?"

"Na yule baba aliyefukuzwa, anangoja nini nyumbani kwake? Beba jeki."

Nikabeba. Alitembea mbele yangu kama anafukuzwa. Gari likitaka kutupita, anageuka kulitazama magurudumu. Mlinzi wa yadi ya tajiri alituuliza tumeitwa na nani. "Nimejiita," akasema, akapita.

Gari lilikuwa kwenye mawe, diski za zamani bado zimefungwa, wanangoja mpya. Ya kulia ilikuwa nzima, ina unene wake. Ya kushoto imekwisha. Mke wangu alizitazama, akakaa chini kwenye mchanga. Halafu akainuka haraka kuliko umri wake.

"Panda. Kanyaga breki. Achia."

Nikakanyaga, nikaachia. Gurudumu la kulia lilizunguka kwa kidole. La kushoto likagoma.

Fundi wa yadi akasema kibanio, kile chuma kinachobana diski, kimekwama kwenye pini zake. Mke wangu akazitoa pini. Zilikuwa safi, zinateleza. Akazirudisha. "Tena, mzee wangu. Kanyaga. Achia." Likagoma. Akalegeza kule juu, mpira wa mafuta ya breki unapoungana na bomba la chuma. Bado gumu. Akafunga, akalegeza chini, kwenye nati ya kutolea hewa. Mafuta yakaruka yakampata shavuni, gurudumu likazunguka lenyewe.

"Mpira," akasema. Kwa nje uling'aa kama wa jana. Aliufungua akaukata kwa kisu, akatuonyesha: ndani umevimba, umeziba. Mafuta yanasukumwa kwenda, kurudi yanashindwa. Dereva ameondoa mguu zamani, breki ya kushoto bado imeng'ang'ania diski, inaisaga njia nzima.

Fundi wa yadi alikimbia dukani kuleta mipira miwili, ya pande zote, na zile diski na pedi zilizokuwa zikingojwa. Mke wangu akasugua kutu pale diski inapokaa, akafunga diski mpya na pedi mpya, akatoa hewa. Mimi kanyaga, achia, mpaka goti likalia. Magurudumu yote yakawa mepesi.

Tajiri alipofika, akasikia yote. "Basi vizuri, fundi. Nitampigia simu arudi."

"Hapana. Mwite aje, na hawa madereva wasiondoke."

"Ya nini yote hiyo, mama? Si kazi anapata?"

"Nilimchafua barazani. Nimsafishe chooni?"

Yule baba alikuja na ndala miguuni, shati limefungwa vibaya. Mke wangu aliupitisha ule mpira uliokatwa mbele ya wenzake mmoja mmoja, kila mtu achungulie. Akasema kosa lilikuwa hili, na kosa la pili ni mdomo wake mwenyewe. Akamwomba dereva radhi. Mmoja akataka kutania, "Sasa Mguu wa..." Mke wangu akamtazama, yule akameza maneno yake.

Dereva alichukua funguo kwa tajiri. Kwa mke wangu hakunyoosha mkono.

"Watoto wangu wamelisikia hilo jina, mama," alisema. "Mpaka jirani."

Nilidhani mke wangu atalia. Dereva akapanda, akawasha gari. Hapo mke wangu alitoka mbio mpaka dirishani, akashika mlango kwa mikono yake yenye mafuta, akamwambia:

"Sawa baba, nichukie. Lakini leo na kesho usikanyage kwa nguvu, hizo pedi na diski bado hazijazoeana."